Pigo la Pili Kwenye Uwanja wa Ulezi

Mpui, 6 Agosti 2023

Mdogo wangu Polikarp,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko Kigoma, na shikamoo yako nimeipokea kabla haijafika, marahaba. Watoto hawajambo? Mkeo Edith mguu umepona? Mwambie aache kuosha vyombo kwa kusimama kama mzungu, akae kwenye kigoda, kigoda hakijawahi kumuua mtu.

Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi majani yanakuwa meupe kama kuna mtu kapita anamwaga unga. Ng'ombe yule mwenye pembe moja amezaa jike. Padre wetu amehamishwa, ameletwa kijana, anahubiri kidogo tu, watu wanatoka kanisani wanatazamana hawajui waende wapi. Mimi nimempenda.

Barua hii anaiandika Kristiana mkwe wangu, yule wa Mwazye, mke wa marehemu mwanangu Benjamini. Mimi nasema, yeye anaandika. Simu nimeikataa tangu siku ile nilipokwambia nimevuna, wewe ukanipa pole ya msiba, na salio likaisha bado unaniambia nijikaze. Masikio yako hayafai tena, macho ni mazima, basi tutumie macho.

Sasa nikwambie habari ya ulezi. Umezaa, Polikarp. Kwenye matuta yale ya nyuma ya kisima, ambamo marehemu mume wangu alikuwa anafukia majani, masuke yamefumba kama ngumi za mtoto mchanga. Tukasiliba uwanja kwa kinyesi cha ng'ombe, ukakauka ukawa kama sakafu ya ofisi, tukaanza kupura masuke kwa fimbo, mimi na Kristiana. Wewe hukujua kupura. Mama alikuwa anakutoa uwanjani, anasema unachelewesha fimbo. Mnasimama mnatazamana, yako inashuka yangu inapanda, yangu inashuka yako inapanda, ukikosea zamu fimbo zinagongana na mikono inawaka mpaka kwenye kiwiko. Kristiana hakosei. Tangu aolewe napura naye, siku hizi hata simtazami, nasikia upepo wa fimbo yake najua zamu yangu imefika.

Halafu kuna jambo dogo. Nilikamatwa na polisi. Nimesharudi, usihangaike, Katekista Mathias na mama Monika wa jumuiya yetu wamenidhamini. Ni kwa ajili ya Wiliam, mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu. Tangu Benjamini afariki, huyu kijana anasema mjane arudi kwao Mwazye, shamba na ng'ombe virudi kwenye ukoo. Basi alikuja mchana tunapura, amekunywa, ana panga. Kukawa na ugomvi. Nikampiga kwa fimbo ya kupuria. Jicho lake la kushoto halioni tena. Yuko hospitali Sumbawanga, anakula uji. Mimi nimeshtakiwa, kosa lenyewe lina jina refu, nimelisahau.

Zile mbegu za maboga alizoomba Edith nimezianika, zitakuja na basi.

Dada yako,
Epifania


Kigoma, 27 Agosti 2023

Dada Epifania,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Edith anatembea, kigoda amekikataa. Mbegu zimefika.

Dada, umeniandikia habari za padre, za ndama, za mama yetu kunitoa uwanjani, halafu pale chini kabisa unaniambia umemtoa mtu jicho na unaliita jambo dogo. Mimi nimekaa mshauri wa mahakama ya mwanzo miaka mingi, nimesikiliza wengi walioanza na jambo dogo. Sikiliza.

Mtu akikujia na panga una haki ya kujikinga. Akimjia mwenzako una haki ya kumkinga mwenzako. Hiyo sheria inakubali, wala hukuomba kwa mtu. Lakini haki hiyo ina mpaka. Nguvu unayotumia isizidi ile inayotosha kuiondoa hatari. Hatari ikiisha, haki yako nayo imeisha hapo hapo. Pigo linalokuja baada ya hapo ni kosa, hata kama la kwanza lilikuwa halali kabisa.

Kwa hiyo nataka unijibu haya tu, ukiacha ndama. Panga alimwinulia nani? Ulimpiga wapi kwanza? Panga lilikuwa wapi ulipompiga usoni?

Jina refu la kosa ni kusababisha madhara makubwa mwilini. Usilisahau. Kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

Mdogo wako,
Polikarp


Mpui, 24 Septemba 2023

Polikarp mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa Edith, mwambie ubishi huo alikuja nao kwetu siku ya harusi, sikushangaa. Hapa tumemzika mzee Ignasi wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa anatengeneza mizinga ya nyuki. Alikufa anacheka, kuna mtu alikuwa anamsimulia kitu, na mpaka leo aliyemsimulia anakataa kusema ni kitu gani. Ndama hutaki kumsikia, basi mengine yote salama.

Barua yako nimesomewa, nikasema isomwe tena, nikatoka nayo nje kana kwamba najua kusoma. Hapo hapo. Unasema hatari ikiisha haki imeisha hapo hapo. Sasa hapo ni wapi? Nilipokuwa msichana nilipelekwa Kalambo kutazama maporomoko. Unatembea, maji yako pembeni yanakwenda taratibu tu kama maji ya mfereji, unasema hiki ndicho nilichokuja kukitazama? Halafu hatua nyingine ardhi haipo. Hakuna mteremko wa kukuandaa. Ndivyo barua yako ilivyonifanya, nikakaa chini kabisa. Nilidhani sheria ni kama uzio, mtu anauona kwa mbali. Kumbe mtu anaweza kuinua fimbo akiwa upande wa haki, ikitua tayari yuko upande mwingine.

Nimepelekwa mahakamani Sumbawanga. Nilijua nitamkuta mzee mwenye sauti. Hakimu ni mwanamke, mdogo kwa umbo, angekaa kwenye kigoda cha Edith asionekane. Lakini akiingia watu wote wanasimama, hata askari aliyenisukuma kwenye gari alisimama akabana mikono kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Na anasema chinichini. Ukumbi mzima ulikuwa unainama mbele ili umsikie. Aliponiuliza kama ni kweli au si kweli, nilitaka kumwamkia shikamoo.

Sasa majibu yako. Wiliam aliingia uwanjani na viatu, akakanyaga ulezi, akasimama katikati yetu, akamwinulia panga Kristiana. Nikampiga mkononi. Panga likaanguka. Nikampiga usoni. Ni hivyo tu, na polisi nimewaambia hivyo hivyo.

Shamba tunalilima tena, Mungu akipenda mwaka huu tutaongeza maharage.

Dada yako,
Epifania


Kigoma, 14 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Poleni kwa mzee Ignasi. Huku tunakula samaki wetu, migebuka, hakuna jipya.

Barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nasoma maelezo ya mashahidi. Unasema Wiliam alisimama katikati yenu akamwinulia panga Kristiana. Basi alimtazama Kristiana. Wewe ulikuwa nyuma yake. Ulimpiga mkononi ukiwa nyuma yake, hilo nalielewa. Usoni ulimpigaje? Alikuwa amekupa uso au mgongo?

Jambo jingine. Mstari wa "nikampiga usoni" umeandikwa, umefutwa, umeandikwa tena juu yake, mpaka karatasi imetoboka. Mistari mingine yote ni misafi. Msalimu mwandishi wako. Mwambie mimi sina ugomvi naye.

Sijui unafanya nini, dada, na sitaki kukisia kwa barua inayopita mikononi mwa watu. Nakwambia tu kwamba sheria haimruhusu mtu ajitwike kosa la mwingine. Hakimu hachagui nani afungwe kwa kuangalia nani yuko tayari.

Polikarp


Mpui, 29 Oktoba 2023

Polikarp,

Marahaba. Wote wazima.

Usiniulize tena habari ya uso na mgongo. Hakimu amesema atakuja mwenyewe kuuona uwanja kabla mvua hazijashika. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini Katekista naye alisikia hivyo hivyo.

Epifania


Mpui, 19 Novemba 2023

Polikarp mdogo wangu,

Marahaba, na Edith pia. Salamu za huku nitazisema upesi. Ndama anakua utake usitake. Monika amevunjika kidole akifukuza kuku wa mtu mwingine, nimemcheka na nimempelekea uji. Sasa kaa chini.

Serikali imekuja uwanjani kwangu.

Magari mawili. Hakimu, karani wake, mwendesha mashtaka, askari, Wiliam na kitambaa jichoni, na fimbo yangu ya kupuria wameifunga karatasi shingoni kama mgonjwa anayesubiri daktari. Kijiji chote kilikuwa ukingoni. Mtendaji wa kijiji alileta kiti chenye mto, hakimu hakukikalia. Alifika pale uwanja unapoanza, akatazama chini, akavua viatu. Hakuna aliyemwambia. Mtu wa pwani, maneno yake yenyewe unasikia ni ya pwani, akaingia peku kwenye uwanja wa ulezi kama amelelewa na mama yetu.

Akaniambia nisimame niliposimama siku ile. Nikasimama. Akamwambia Wiliam naye asimame aliposimama, akampa kijiti badala ya panga. Wiliam akasimama, akakiinua, mgongo wake kwangu. Hapo nikajua nimekwisha. Hakimu alitazama mgongo wa Wiliam, akazunguka akatazama jicho lake, akarudi akanitazama mimi. Hakupandisha sauti. Akauliza fimbo ilipita wapi mpaka ikafika usoni. Nikasema aligeuka. Akamuuliza Wiliam. Sasa Wiliam angenyamaza tu, mimi ningefungwa, yeye angepata alichotaka. Akasema, "Mama mkubwa, mimi sikugeuka." Wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekumbuka.

Hakimu akanionyesha pale mbele ya Wiliam, akauliza nani alikuwa anapura upande huo. Nikasema nilikuwa peke yangu. Polikarp, wanawake wote wa Mpui walitazama chini, walinionea aibu, maana nani kwetu anapura ulezi peke yake kwenye uwanja mkubwa vile.

Ndipo Kristiana akatoka kwenye watu. Akavua ndala. Akaja akasimama mbele ya Wiliam, mahali pake, akafungua mdomo. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau mpaka mnizike. Hakimu aliinua mkono akamzuia.

"Subiri, mama," akamwambia. "Hulazimiki kusema neno lolote litakalokutia hatiani. Ukinyamaza, siwezi kukulazimisha."

Fikiri jambo hilo. Miezi yote wanalitafuta neno moja, wanatuita wanaturudisha, leo limekuja lenyewe kwa miguu, na wao wanaliambia lisubiri. Yule mama mdogo ana askari, ana magari, ana gereza zima kule mjini, na akazuia mkono wake mwenyewe. Sisi wa ukingoni tulimtazama kama watu wanaotazama radi.

Kristiana akafikiri. Akasema, "Upande huu ulikuwa wangu."

Hakimu hakushangaa wala hakufurahi. Alisubiri karani amalize kuandika, akasema anataka kuona kazi hii inavyofanyika. Nikafunguliwa fimbo yangu ile karatasi, Kristiana akachukua nyingine, Wiliam akaambiwa akae pembeni, tukapura uwanja mtupu. Yangu, yake, yangu, yake. Hakimu amesimama karibu, mikono nyuma. Mara akaniambia nipige mara moja halafu nisimame. Nikapiga, nikasimama. Ya Kristiana ikashuka vilevile. Akasema tena, na akamwambia Kristiana safari hii aizuie. Nikapiga. Nilimwona Kristiana shingo imekaza, meno ameyauma, anaizuia, na fimbo ikashuka ikagonga uwanja. Akarudia tena na tena. Mara ya mwisho ilikuja kusimama kidogo tu juu ya ardhi, inatetemeka.

Hakimu akasema inatosha. Akavaa viatu kule ukingoni, akaondoka.

Basi umejua. Nilimpiga mkononi, panga likaanguka, na mwenzangu fimbo yake ilikuwa tayari juu. Niliwadanganya polisi na nikakudanganya wewe, na kila neno la uongo huo alikuwa anaandika yeye mwenyewe niliyekuwa namfichia. Siku ile ile ya ugomvi nilimwambia nyamaza, una watoto wawili na baba yao yuko makaburini, mimi nina magoti tu, wakiyafunga hawajapoteza kitu. Alinikatalia. Nikamwambia mimi ndiye mama hapa.

Sasa hatujui. Mwendesha mashtaka amesema anaweza kumshtaki Kristiana, mimi anaweza kuniachia au kutufunga wote wawili. Watoto wamesikia shuleni. Yule mdogo ameniuliza gereza lina vitanda vya watoto.

Dada yako,
Epifania


Kigoma, 10 Desemba 2023

Dada, shikamoo.

Nimesoma. Sina la kukulaumu ambalo hakimu hatalisema vizuri zaidi.

Kila kitu sasa kiko kwenye nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo. Kama ndani yake mtu angeweza kuona panga limeanguka na kuzuia fimbo, Kristiana ana kosa. Kama hakuweza, hana. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona hakimu akiingia kwenye nafasi ndogo namna hiyo na kuipima kwa miguu yake. Mimi nisingefikiri hata kuja huko.

Waambie watoto hakuna vitanda hivyo, kwa sababu hawatavihitaji. Mimi siwezi kuwaahidi, lakini ninyi waambieni.

Edith anawaombea. Krismasi njema.

Polikarp


Mpui, 18 Februari 2024

Polikarp mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Edith nasikia amekubali kigoda, nimeambiwa na dereva wa basi, kwa hiyo habari zinafika hata wewe ukizibana. Mvua huku imekuwa nyingi, mahindi yamenifikia begani. Kristiana anaandika, na mimi nimekaa karibu yake kuliko siku zote, mpaka amelalamika namziba mwanga.

Hukumu imesomwa.

Tulikwenda wote, jumuiya nzima, tumevaa vitenge vya sikukuu kana kwamba tunakwenda kupokea askofu. Kristiana alifunga nguo za watoto kwenye mfuko na kumpa Monika, akamwelekeza yupi anakohoa kwenye baridi. Sikuweza kutazama. Hakimu akaingia, tukasimama, tukakaa, akaanza kusoma, chinichini kama kawaida yake. Alisoma maisha yetu, Polikarp. Jinsi tunavyosiliba uwanja. Jinsi tunavyosimama. Vitu ambavyo sijawahi kusikia mtu akivitaja mahali popote, kwa sababu nani avitaje, na yeye anavisoma kwenye ukumbi wa serikali mbele ya ngao ya taifa. Nilikuwa natazama mikono yangu kama ni ya mtu mwingine.

Akasema pigo la mkononi lilikuwa halali, nilimkinga mwenzangu, na nilitumia nguvu ya kutosha tu. Nikaachiwa hapo. Lakini akanitazama, akasema, "Mama, uongo wako ungekufunga." Akaeleza polepole. Kama ningekuwa mimi peke yangu niliyepiga mara mbili, basi baada ya lile la kwanza ningelazimika kuinua fimbo upya, na anayeinua upya anapata muda wa kuona panga liko chini. Pigo hilo lingekuwa kosa, asingekuwa na njia ya kuniokoa. Kumbe kilichotutoa ni kile nilichokificha. Tulikuwa wawili. Fimbo ya pili ilikuwa imeshapanda kabla ile ya kwanza haijatua, na panga lilipoanguka yenyewe ilikuwa njiani, na aliyeishika alikuwa anatazama panga juu ya kichwa chake. Akasema sheria haimtaki mtu wa namna hiyo apime pigo lake kama anayepima dawa kwenye kijiko. Akasema haoni kosa pale. Halafu akaweka karatasi chini, akasema kungekuwa na pigo la tatu, hata dogo, asingekuwa na la kutuambia.

Mwendesha mashtaka akasimama akasema Kristiana hatashtakiwa. Kesi ya Wiliam ya kutishia kwa panga iko palepale, itaitwa siku yake.

Mimi nimezeeka nikidhani haki ni kitu kikubwa kama mlima, kila mtu anakiona. Nilikiona siku ile, ni chembamba hivi, kimekaa kati ya fimbo yangu na fimbo ya mkwe wangu, na sisi tumepura juu yake miaka yote bila kujua kipo. Nilipiga magoti pale pale kwenye benchi, askari akaniambia bibi simama. Nikasimama.

Sasa sikiliza la mwisho, hili silo la hakimu.

Tumetoka nje, watu wanakumbatiana, Monika anapiga vigelegele mpaka anakatazwa. Wiliam alikuwa amekaa kwenye ngazi, peke yake, anasubiri gari la Mpui, na sisi gari letu ni hilo hilo. Kristiana alikuwa anapita. Wiliam akainua uso, lile jicho moja, akamwuliza taratibu, "Shemeji, ulitaka nife?"

Polikarp, watu wote wale, polisi, mwendesha mashtaka, wewe na sheria zako, hata hakimu mwenyewe, hakuna aliyemuuliza hivyo. Mimi nilikuwa na majibu kumi ya kumjibia. Kristiana akasimama.

"Sijui, shemeji," akasema. "Nimejiuliza kila siku, sijui."

Wiliam akatikisa kichwa. Akatazama mkono wake, ule niliompiga, akaufunga na kuufungua. Akasema, "Na mimi panga lile, kama ningelishusha. Sijui."

Kristiana akakaa kwenye ngazi, si karibu naye, si mbali naye. Mimi nikakaa katikati. Tukasubiri gari, wote watatu.

Dada yako,
Epifania